Mabenchi Chini ya Mwembe: Uhakiki wa Darasa la Nje, kwa Kuitazama Kipalapala

Wazo la kujenga darasa la nje katika viwanja vya chuo hupokelewa kwa urahisi mno. Kamati ya ujenzi ambayo hubishana mwaka mzima juu ya rangi ya bweni hulipitisha hili katika kikao kimoja. Sababu zake zinafahamika: mabenchi ya matofali na saruji ni nafuu kuliko jengo, mti upo tayari, upepo hauna ankara, na wafadhili hupenda picha ya wanafunzi waliokaa kivulini. Makala hii haikusudii kulipinga wazo hilo. Inakusudia kulihakiki kama tunavyohakiki kitabu au hotuba, yaani kuuliza linasema nini, linamwambia nani, na limezaliwa na nani. Benchi lililokwisha kujengwa kwa saruji ni neno lililokwisha kutamkwa. Halisogezwi siku tunapobadili mawazo.

Nimechagua kulitazama jambo hili kutoka Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ingawa chuo kilichopo hapo si chetu sisi Walutheri. Wasomaji wengi wanaifahamu Kipalapala kwa Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, ambako ndugu zetu Wakatoliki wamewaandaa mapadre tangu mwaka 1925. Kardinali Polycarp Pengo ni mmoja wa waliosoma hapo. Wengine wanalifahamu jina hilo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, maana vitabu vingi vya dini vilivyosomwa katika nchi hii vilitoka Tabora. Lakini Kipalapala ya Wakristo ni ya kale kuliko seminari. Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe walikuwa na kituo cha yatima mahali hapo, na miongoni mwa watoto waliolelewa na kufundishwa humo walikuwamo waliokombolewa kutoka utumwani. Kituo hicho kiliachwa mwaka 1889 kwa sababu ya uhasama wa mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye ngome yake mwenyewe iliangushwa na Wajerumani mwezi Januari 1893. Kwa hiyo anayetaka kufikiri juu ya kufundisha, juu ya kukaa, na juu ya nani anayeruhusiwa kukaa wapi, hana haja ya kwenda Athene. Mambo yote yapo Unyanyembe.

Tuanze na mti. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na wafanyabiashara kutoka pwani walipanda miembe katika vituo vyao na kandokando ya njia. Anayetembea Tabora leo bado anaweza kuifuata njia ile ya zamani kwa kuitazama miembe. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiweka njia hiyo, pamoja na Kwihara, katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, chini ya jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Chini ya vivuli vile walitua mizigo wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa amebeba karibu kilo 30 za nguo, shanga au pembe. Hapo pia walisimamishwa watu waliofungwa shingoni. Mti hauna dhambi, na sitaki kusikika kama mtu anayeishitaki miembe. Nasema tu kwamba mtu akisema Tabora, “Twendeni tukasomee chini ya mwembe,” kivuli anachokiendea kina historia, na mwalimu wa theolojia hana ruhusa ya kukitumia kama mwavuli ulionunuliwa jana dukani.

Baada ya mti, benchi. Richard Burton alifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857 pamoja na Speke. Katika kitabu chake juu ya nchi za maziwa aliyaeleza matembe ya Waarabu wa hapo: mbele ya nyumba palikuwa na kibaraza kipana chenye nguzo imara, na chini yake benchi pana la udongo ulioinuliwa, ambapo wanaume walikaa wakati wa ubaridi wa asubuhi na utulivu wa jioni, wakisali, wakizungumza na kufanya shughuli zao. Tembe la Kwihara, ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingojea wapagazi baada ya Stanley kuondoka, lilijengwa upya na kuwa makumbusho, na mgeni akifika anaweza kulielewa umbo la nyumba ya namna hiyo kwa macho yake. Umbo hilo ni baraza ile ile ya Unguja, Lamu na Mombasa, iliyosafiri miezi mitatu kwa miguu na kubadilishwa kutoka chokaa na mawe kuwa udongo.

Kama fundi wa mafundisho angelitazama benchi hilo, angeona mambo kadhaa ambayo darasa letu halina. Baraza haina mbele wala nyuma. Aliyekaa mwisho wa benchi hayuko nyuma ya mtu yeyote. Yuko pembeni tu, na akisema, wote wanageuza shingo. Mwenye nyumba hukaa pamoja na wageni wake, kwa kimo kile kile. Tena baraza iko kati ya nyumba na njia. Anayepita husalimu, naye hujibiwa. Akiwa na neno huitwa akae. Akiwa na haraka huendelea na safari yake akiwa amekwisha kusikia nusu ya mazungumzo. Mazungumzo ya barazani hayawezi kuwa ya faragha kabisa, na wanaoyafanya wanajua hivyo. Hii ni nidhamu kubwa. Mtu anayejua kwamba mpita njia anamsikia hupima maneno yake kuliko anayejua kwamba mlango umefungwa.

Hata hivyo, hapa ndipo wanaoisifu baraza kama mfano wa mazungumzo ya Kiafrika wanaponishinda. Wanasoma sentensi nusu. Kuomba, kuzungumza na kufanya shughuli vilikaa juu ya benchi moja, na miongoni mwa shughuli hizo za Unyanyembe ya wakati ule ilikuwamo biashara ya wanadamu. Bei ya mtu ilikubaliwa hapo hapo aliposwalia mwenye kuinunua. Na bei hiyo ilikubaliwa na watu waliokaa, juu ya mtu aliyesimama au kuchuchumaa juani. Aidha, wanaume ndio waliokaa. Wanawake walikuwa ndani, au walikuwa njiani na mizigo vichwani. Hali ya utumwa iliendelea kutambulika kisheria katika nchi hii hata ilipofutwa na Waingereza mwaka 1922, na hiyo si zamani sana: seminari ya Kipalapala ilifunguliwa miaka mitatu tu baadaye. Baraza ilikuwa duara la usawa kwa waliokuwa na haki ya kukaa. Swali la nani aliye na haki hiyo halikuulizwa barazani, kwa sababu wote waliokuwa na sababu ya kuliuliza walikuwa wamesimama.

Wanyamwezi wenyewe walilifahamu vizuri jambo hili la kukaa na mamlaka. Vigoda vya watemi vyenye egemeo refu, vilivyochongwa kwa mti mmoja, vinahesabiwa leo kati ya kazi bora za sanaa ya Afrika Mashariki, na kimoja kinachotajwa sana kiko katika makumbusho ya Berlin, mbali na kiuno cha mtemi yeyote. Hata chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mwaka 2008 kiti cha uprofesa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, kilikiita Kigoda. Lugha inakumbuka kwamba anayefundisha anakaa. Jambo la ajabu ni kwamba katika madarasa yetu mwalimu ndiye aliyesimama, na bado ndiye mwenye enzi.

Sasa tulitazame darasa la nje kama linavyochorwa mara nyingi. Mchoro huwa ni huu: nusu duara ya mabenchi ya zege, safu tatu au nne, moja juu ya nyingine kama ngazi, mbele yake jukwaa dogo la saruji, juu ya jukwaa ukuta mfupi wenye ubao, na pengine mimbari ya matofali. Mchoro huu si wa baraza wala si wa mwembe. Ni ukumbi wa mihadhara uliovuliwa paa. Macho yote yanatazama mahali pamoja, migongo yote imegeukiana, na sauti ina njia moja tu ya kupita, yaani kutoka jukwaani kwenda ngazini. Kama tunataka ukumbi, basi tujenge ukumbi, nao utatukinga na mvua. Nimewahi kukaa katika darasa la namna hiyo kwenye chuo ambacho sitakitaja. Mwashi alikuwa ameifanya kazi yake kwa uaminifu. Hakuna benchi lililopasuka. Lakini jukwaa la mwalimu liliwekwa penye kivuli chote cha mti, na safu za wanafunzi zikaenea kuelekea jua la saa tisa. Mhadhiri alifundisha juu ya huruma ya Mungu akiwa ametulia kabisa. Sisi wengine tulikuwa tumefunika vichwa kwa madaftari.

Nitasema machache juu ya ufundi, kwa kuwa theolojia ya mahali isiyojua jua linachomoza wapi haitufai. Tabora iko karibu digrii 5 kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huelekea kaskazini, na Desemba huelekea kusini, lakini kwa mwaka mzima mateso ya macho hutoka mashariki asubuhi na magharibi jioni. Kwa hiyo mabenchi yakipangwa katika mistari miwili inayokwenda mashariki kwa magharibi, waliokaa wakitazamana, mmoja akielekea kaskazini na mwenzake kusini, hakuna anayelitazama jua usoni, na hakuna anayetazama kisogo cha mwenzake. Mpangilio mmoja unatatua mambo mawili. Mvua, ambayo ni kama milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Basi darasa la nje lisilo na paa ni darasa la miezi sita, na kamati iseme hivyo waziwazi kabla haijalihesabu kama chumba. Katika kiangazi upepo hutoka zaidi upande wa mashariki na kusini-mashariki, na sauti hufuata upepo. Mwembe nao una tabia zake: huangusha matunda wakati wa mvua za kwanza, nzi hufuata matunda, na mizizi huinua sakafu ya zege pole pole bila kumwomba mtu ruhusa. Matofali ya kuchoma hutafuna kuni, na misitu ya miombo ya Tabora imekwisha kutafunwa vya kutosha na mabani ya tumbaku. Benchi la udongo ulioshindiliwa, lenye tabaka jembamba la saruji juu yake na paa dogo la kulikinga, ndilo lililofanya kazi Kazeh, na bado lingefanya kazi.

Tunapogeukia Maandiko, tunakuta kwamba kufundisha nje si jambo geni, lakini pia si jambo moja. Debora alikaa chini ya mtende wake kati ya Rama na Betheli, na watu wakamwendea ili awaamue (Amu. 4:5). Bwana wetu alipanda mlimani, akaketi, ndipo akafundisha (Mt. 5:1), katika sinagogi la Nazareti alisimama kusoma na kuketi kuhubiri (Lk. 4:16-20). Habari iliyo na mafundisho mengi zaidi kwa wajenzi ni Nehemia 8, na nashangaa kwamba haitumiki katika mijadala hii. Wengi hukumbuka jukwaa la mti alilosimama Ezra, kisha wanaharakisha kujenga la saruji. Lakini tusome na yaliyosalia. Mkutano ulifanyika katika uwanja uliokuwa mbele ya lango la maji, penye kupita watu, na si katika ua wa hekalu. Waliokuwapo walikuwa wanaume, wanawake, na wote walioweza kusikia na kufahamu. Ezra hakuwa peke yake juu ya jukwaa. Walisimama pamoja naye watu kumi na watatu, sita kuume na saba kushoto. Na baada ya kusoma, Walawi waliwaeleza watu maana hapo walipokuwa, hata wakafahamu. Jukwaa lilikuwa la kusomea ili wote wasikie. Kueleza kulifanyika chini, kati ya watu.

Na kwa habari ya wale ambao baraza ya Kazeh haikuwapa nafasi, tunaye Paulo kule Filipi. Alitoka nje ya mji, akafika kando ya mto, akaketi, akasema na wanawake waliokusanyika (Mdo. 16:13). Kanisa la kwanza tunalolisoma katika Ulaya lilianzia kwenye ukingo wa mto, mtume akiwa amekaa. Sisi ambao katika KKKT tulianza kuwabarikia wanawake kazi ya uchungaji katika miaka ya 1990, na kwa mabishano makali katika baadhi ya dayosisi, hatuwezi kujenga benchi huku tukidhani kwamba umbo lake halina habari na jambo hilo. Angalieni tu ni nani anayekaa safu ya mbele, ni nani anayepanda ngazi za zege za sentimita 50 akiwa amevaa sketi ndefu au akiwa na mtoto mgongoni, na ni nani anayeishia kusimama pembeni akisema hajachoka.

Luther naye anatusaidia, ingawa si kwa namna inayotazamiwa. Tarehe 5 Oktoba 1544, alipolizindua kanisa la ngome ya Torgau, ambalo lilikuwa jipya kabisa na lililojengwa kwa ajili ya ibada ya Kiinjili, alisema katika mahubiri yale yale ya uzinduzi kwamba kama pangekuwa na sababu ya kutokukusanyika humo, watu wangeweza vema kuhubiriwa nje penye kisima, au mahali pengine. Ni ujasiri kusema hivyo mbele ya mfalme-mteuzi aliyelipia jengo. Maana yake ni kwamba mahali hapafanyi Neno kuwa takatifu, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, halitaji paa wala mti. Lakini uhuru huu unakata pande mbili. Kama ukuta haumleti Mungu karibu, kuondolewa kwa ukuta hakumleti karibu pia. Siku hizi husikika maneno laini kwamba mwanafunzi akikaa chini ya mti anakuwa karibu zaidi na Muumba. Manabii wa Agano la Kale, waliokuwa na mengi ya kusema juu ya ibada za chini ya kila mti wenye majani mabichi (Yer. 2:20), wangeuliza maswali. Darasa la nje litetewe kwa sababu nyingine.

Na lipo jambo linaloniuma zaidi ya mpangilio wa mabenchi. Katika nchi hii maneno “kusomea chini ya mti” si maneno ya sifa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote, na kufikia 1977 watoto walikuwa wameingia shuleni kwa wingi kuliko vyumba. Ada ilipofutwa mwaka 2002 chini ya mpango wa MMEM, na tena elimu bila malipo ilipopanuliwa mwaka 2016, hali ilijirudia, hata mikoa yote ikaagizwa kumaliza upungufu wa madawati kufikia mwisho wa Juni 2016. Magazeti yalijaa picha za watoto waliokaa sakafuni na chini ya miti, na picha hizo zilikuwa mashitaka. Basi fikirini chuo cha theolojia kinachojenga kwa hiari yake, na kwa fedha, kile ambacho shule ya msingi ya jirani inacho kwa kukosa. Mzazi anayepita hapo, ambaye mwanawe amekaa juu ya tofali chini ya mkuyu, anaona wachungaji wa kesho wamekaa chini ya mwembe katika mabenchi yaliyopigwa lipu, na nyuma yao kuna madarasa manne matupu. Atafikiri nini? Sidhani atafikiri kwamba tumejinyenyekeza. Tofauti kati ya darasa letu na lake ni kwamba mvua ikinyesha sisi tuna pa kukimbilia. Umaskini unaochaguliwa kwa saa mbili kila Jumatano unafanana na umaskini wa kweli kama vazi la maigizo linavyofanana na nguo.

Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, aliilaumu shule inayojitenga na jamii inayoizunguka. Lawama hiyo ilitugusa vyuo vya theolojia kuliko tulivyokiri, maana sisi ndio tuliojenga mbali na mji, juu ya kilima, na kupanda michongoma kuzunguka. Hapa ndipo darasa la nje linapopata sababu yake ya kweli, nayo si hewa safi. Sababu yake ni kwamba linaweza kutoka nje ya ua.

Nionavyo mimi, chuo kinachotaka kujenga mahali pa kukaa nje kisijenge katikati ya viwanja vyake, kati ya maktaba na kanisa, mahali ambapo kamati zote hupapenda kwa sababu panapendeza. Kijenge ukingoni, mahali ambapo njia ya watu inapita, na benchi litazame njia. Wale wa Mlimani wanajua tofauti hii: uwanja ulio mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, ambao wanafunzi waliuita wa mapinduzi, ulipata jina lake kwa sababu ulikuwa njia panda, na waliokwenda kula walilazimika kusikia. Kijenge mistari miwili inayotazamana, ya kimo kimoja, bila jukwaa. Kiweke sehemu yenye paa, ili shule ya msingi iliyo jirani iweze kupatumia asubuhi za masika, na ratiba hiyo iandikwe kabla ya saruji kununuliwa, kwa kuwa ahadi za baada ya uzinduzi tunazifahamu.

Najua yatakayosemwa. Mhadhiri wa Kigiriki atasema kwamba hawezi kufundisha vitenzi huku mbuzi wakipita. Yuko sahihi, na abaki ndani na ubao wake. Sijaona vitenzi vya Kigiriki vikinufaika na upepo. Wa historia ya mafundisho ya kanisa naye abaki ndani, angalau hata afike kwenye mabaraza ya Nikea na Kalkedonia, ambapo mfano wa watu kutazamana wakibishana unaweza kumsaidia. Lakini mwalimu wa mahubiri, wa maadili, wa uangalizi wa roho, na wa historia ya kanisa la Afrika hana udhuru. Mwanafunzi anayejifunza kueleza msamaha wa dhambi na ajifunze kuueleza mahali ambapo mwuza maembe anaweza kusimama, akatua ungo wake, na kusema kwamba hajaelewa. Kama hakuelewa, si yeye aliyeshindwa mtihani.

Mtasema pia kwamba watu hawatasimama. Wataona haya, au watadhani ni mkutano wa watu wa chuo. Mwanzoni ndivyo itakavyokuwa. Benchi lenyewe halialiki mtu. Mwenye nyumba wa Kazeh aliita, “Karibu,” na aliyeitwa alijua kwamba atasogezewa nafasi. Basi iwe kawaida kwamba aliye karibu na njia ndiye mwenye kazi ya kukaribisha na kusogea, na kwamba akifika mzee au mama, mazungumzo yanasimama mpaka amekaa. Haya ni mambo madogo ya adabu, lakini ndiyo hasa yaliyokosekana barazani siku ile mtu alipouzwa huku wengine wakinywa kahawa. Na mwalimu wa historia, akiwa Tabora au Bagamoyo au Ujiji au Mpwapwa, asiache kuwaambia wanafunzi wake jinsi mahali hapo palivyokuwa. Sipendekezi bango wala sanamu. Napendekeza somo moja kila mwaka, litolewe papo hapo, wanafunzi wote wakiwa wamesimama kwa muda wote wa somo, jua likiwa jua.

Kuhusu mti wenyewe, kwa vyuo visivyobahatika kurithi miembe ya misafara: mwembe wa kupandikizwa huzaa mapema lakini hubaki mfupi, na matawi yake huwagonga watu vichwa. Kwa kivuli, pandeni wa mbegu. Upandwe upande wa magharibi wa mabenchi, kwa kuwa jua la mchana ndilo linalofukuza watu, na uachwe mita sita au saba kutoka msingi ili mizizi isiinue kazi ya mwashi. Utachukua miaka mingi kabla haujafunika mistari yote miwili. Kwa muda huo pafungwe turubai, na michongoma ya upande wa njia ing’olewe sasa, bila kungojea mti ukue.